Kadi Mia Sita za Neno Moja

Aprili 6, Jumatatu
Daftari hili kanipa Dada Ghaliya leo asubuhi. Kasema, "Andika kila siku, hata mstari mmoja, mkono uzoee. Herufi zako zinatembea kama kaa." Kasema hatolisoma. Basi naandika.

Miye Ayoub Mkubwa, wa Paje. Skuli niliacha darasa la tano. Sasa nakaa Mkunazini, nyumba ya marehemu Himid, mume wa Dada Ghaliya. Himid alianguka chooni siku ya tano ya Mfungo Mosi, vikombe vya Idi bado havijarudishwa kabatini, na hakuinuka tena. Dada yuko eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, hatii manukato, haonwi na mwanamme asiyekuwa maharimu wake, ndugu wa damu au wa kunyonya asiyeweza kumuoa. Miye ananiona na miye namuona. Mama yangu alikuwa akifua nguo kwao. Alikufa siku aliyonizaa, na mama yake Dada, Bi Nada, Mungu amrehemu, alikuwa na mtoto mchanga mkononi, Ammar, akanitia na miye ziwa la pili. Baadae bibi yangu akaja kunichukua akanilea Paje. Ammar sasa yupo Maskati. Bibi keshakufa. Kwa hivo duniani nna dada mmoja, na huyo ni wa kunyonya.

Nilikuja kwa mazishi. Sikurudi. Paje nilikuwa naosha vile vishada vya wazungu vya kurukia baharini, mwingine keshapewa nafasi yangu.

Aprili 7
Mvua tangu alfajiri. Ngazi inavuja.

Aprili 8
Leo kanifahamisha kazi. Dada anasoma shahada ya pili chuoni kule Tunguu. Anaandika juu ya neno moja la Kizungu, get, namna lilivyotumiwa ndani ya kitabu kimoja cha hadithi. Nilidhani ananitania.

"Neno moja, Dada? Miaka miwili?"

"Maneno makubwa kila mtu anayaona, mdogo wangu. Hili linapita kama paka wa jirani. Hakuna anayeligeukia."

Kazi alikuwa keshaifanya nusu, imo ndani ya kompyuta. Siku ya hitima shemeji yake Talal, kaka yake Himid, aliichukua kompyuta pamoja na simu ya marehemu na mafaili yote, akasema vitakaa kwake mpaka mirathi igawiwe. Dada alikuwa ndani na wanawake, hakuambiwa. Sasa anaanza upya kwa mkono. Nkamuuliza kwani hakuna kompyuta nyengine ya kulitafuta hilo neno. Kasema kitabu chenyewe ni cha zamani, kakinunua kwenye vitabu vya mtumba, hakimo kwenye mtandao wowote.

Mwisho ni tarehe thalathini ya mwezi wa sita. Keshaongezewa muda mara mbili, hawamuongezei tena, jina linafutwa. Akimaliza, mwalimu wake Dokta Ulfat kamwekea nafasi ya kufundisha hapo hapo chuoni. Asipomaliza, siku ya kutoka eda anatoka na begi la nguo, kwa sababu nyumba hii ni ya kina Himid, si yake.

Kazi yangu: natafuta neno ukurasa kwa ukurasa, likiwa limevaa nguo yoyote katika zile nne alizonichorea: get, gets, got, getting. Nikiliona napiga mstari kwa penseli, nanakili sentensi nzima juu ya kadi, na namba ya ukurasa.

"Lakini miye Kizungu sijui."

"Ndio nakutaka weye. Mwenye kujua anasoma, anasahau kutafuta. Weye usisome. Tafuta."

Aprili 9
Kadi zenyewe ni kadi za harusi yao. Zilichapwa nyingi, likabaki sanduku zima chini ya kitanda. Nyuma zi tupu. Anakata kila moja vipande vinne kwa mkasi. Mbele kipande kimoja kinabaki na "Himi", kingine na saa ya karamu. Anakata haraka, haangalii.

Aprili 12
Kadi arubaini na moja. Asubuhi muuza mkate alipita. Dada anateremsha kikapu kwa kamba toka dirisha la juu, yeye mwenyewe hajitokezi. "Kaka, mikate minne." Mkate unapanda. Mtu asiyemjua kwake ni kaka: muuza mkate, fundi wa mfereji, mtu wa umeme, hata awe kijana mdogo kuliko miye. Nimecheka peke yangu ngazini.

Aprili 15
Dada anazipanga kadi juu ya mkeka mafungu mafungu. Lipo fungu la kupata kitu. Lipo la kufika pahala. Lipo la kufahamu jambo. Lipo la kulazimika. Na lipo analoliita la kugeuka: mtu alikuwa hivi, akawa vile, kachoka, kaugua, kazeeka. Kote huko neno ni lile lile. Namsomea sentensi kwa herufi maana matamshi yangu yanamchekesha, naye anasema fungu. Baina ya laasiri na magharibi tunafanya hivo, mvua inapiga mabati ya jirani, na uso wake unapata uhai kidogo.

Bi Radhiya, jirani wa ng'ambo ya uchochoro, alileta uji akasimama mlangoni akitazama mkeka.
"Mnacheza karata kwenye eda?"
"Tunasoma, Bi Radhiya."
"Na huyu wa shamba anasoma?"
"Huyu ndiye mwenye macho."
Sikujua niangalie wapi.

Aprili 19
Leo nimeona aibu. Juzi niliimwagia chai kadi moja nikaitupa jaani. Nilisema moyoni, moja katika mia mbili, nani atajua. Dada leo kapitia namba za kurasa kwenye kitabu, kaona mstari wa penseli hauna kadi yake. Hakupaza sauti. Akakaa tu nalo lile pengo mbele yake.

"Iko wapi?"
Nikamwambia.
"Kwa nini hukuandika nyengine?"
"Nilidhani moja si kitu."
"Ayoub, miye sina kingine ila hizi. Sina kompyuta, sina mume, sina pa kukaa. Mtu akiniuliza kule Tunguu, unajuaje, ntamwonesha hizi. Ukinitilia ambayo haimo, au ukanitolea ambayo imo, basi miye muongo mbele za watu na sijui kama ni muongo. Unafahamu?"
"Nafahamu."
"Na ile inayoniharibia hoja yangu ndiyo ya kwanza kunionesha."

Nikaiandika upya. Herufi zikarudi kuwa kaa.

Aprili 24, Ijumaa
Talal kaja baada ya sala kuziba paa. Nilimngojea kwa uso mbaya. Yeye ni mkubwa wa marehemu, mtu wa kanzu safi, anaishi Kiembe Samaki karibu na uwanja wa ndege. Kapanda darini na turubai mwenyewe, mvua inamnyeshea, hakuniita. Alipoteremka, viatu vya Himid bado vipo chini ya ngazi pale pale alipovivua marehemu. Talal akavitazama. Akainama kama anafunga kamba ya kiatu chake, na hakuwa na kiatu cha kamba. Mabega yakawa yanakwenda. Nikaingia jikoni nikajifanya naosha sufuria.

Kabla hajaondoka aliniuliza, "Unalala wapi hapa?"
"Hapa chini, ukumbini."
"Na mchana?"
"Juu, kwa Dada. Tunafanya kazi yake."
Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya."

Aprili 28
Mvua. Kadi ishirini na mbili.

Mei 2, Jumamosi
Talal kairudisha kompyuta. Kaileta kwenye mfuko wa nailoni, kampa Bi Radhiya aipandishe, yeye kasimama chini. Alikuwa anatafuta hati za nyumba, hajui namba ya siri, akampelekea fundi aifungue. Fundi kaifungua kwa kuifuta yote.

Dada aliiwasha. Kioo cheupe, safi, kama ya dukani. Kazi ya miaka miwili, na picha za Himid pia. Nilingoja apige ukelele. Kasema kwa sauti ya kumfikia Talal kule chini, "Shemeji, umefika salama na mvua hii?"
"Nimefika, shemeji. Sikujua. Wallahi sikujua."
"Sawa."
Kisha kanambia, "Ukurasa wa mia na sabini, mdogo wangu. Tuendelee."

Nilitaka nimchukie Talal leo nishindwe kulala. Usingizi unanichukua.

Mei 8, Ijumaa
Yamekuja. Talal kaja na sheikh wa msikiti wa mtaani, wamekaa ukumbini, Dada yuko juu ngazini nyuma ya pazia. Talal kasema kwa adabu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Shemeji, watu wanasema. Kijana mwanamme anashinda nawe chumbani na weye uko eda. Tunajua mnasema mmenyonya pamoja. Sheikh anasema kunyonya si jina tu. Sharti mara tano, kila mara mtoto ashibe aache mwenyewe. Nani alihesabu?"
Dada kasema, "Mama aliniambia huyu nduguyo. Nilikuwa na miaka tisa. Yatosha."
"Mama alikuwambia mara ngapi?"
Pazia lilisogea kidogo.
"Kama si ndugu," Talal kasema, "hamkai nyumba moja. Utahamia kwetu Kiembe Samaki, mke wangu atakutazama mpaka umalize."
"Na weye, Talal, kwako ntakuwa nani? Shemeji si ajinabi, mwanamme wa kando?"
"Kule kuna wanawake. Hapa uko peke yako na yeye."

Kwa Talal kuna watoto sita na vyumba vitatu. Kadi kule ni mchezo wa watoto. Hapo ndipo kazi ingekufa, kila mtu alijua. Sheikh kauliza kama yupo hai aliyekuwa ndani ya nyumba siku zile. Dada kasema yupo Bi Mashavu, aliyekuwa yaya wa Ammar, yuko kitandani, hatembei. Sheikh kasema Ijumaa ijayo atampigia simu amsikie mwenyewe.

Mei 11, Jumatatu
Nimekwenda kwa Bi Mashavu. Sikumwambia Dada. Nilisema nakwenda kununua wino.

Anakaa Kiembe Samaki nyuma ya duka la mwanawe, chumba kina harufu ya dawa ya kuchua. Macho yamefunga utando. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, mtoto wa nani, nikamwambia wa yule mfuaji. Akapapasa uso wangu akacheka.

"Ulikuwa na kichwa kikubwa. Hakijapungua."

Nikamuuliza. Hakufikiri hata kidogo, kama nimemuuliza jina lake.

"Mara tatu. Usiku ulozaliwa, mara moja. Asubuhi yake, na mchana. Jioni Bi Nada akakutia tena, ukakataa, ukalala. Kulivyokucha bibi yako keshafika toka Paje na kopo la maziwa ya unga na hasira zake. Alisema mjukuu wake halelewi kwa watu kwa huruma. Akakufunga kangani akaondoka nawe, hata chai hakunywa."

"Mara tatu tu?"

"Mwanangu, nilikuwa nimekupakata miye."

Miaka yote nilikuwa najiona nimelala pale wiki, mwezi, Ammar upande huu na miye upande huu. Ilikuwa siku moja. Ndege ikapita juu, bati likatikisika, yeye akangoja ipite. Akaniuliza nini limetokea nikamwambia lote, na Ijumaa, na simu ya sheikh. Akashusha pumzi.

"Bi Nada alikuwa akisema kwa watu huyu mwanangu. Alipenda kusema. Na yule Ghaliya nilimlea miye vile vile." Akaupapasa mkono wangu. "Sasa unataka niseme ngapi?"

Nilikaa. Nikaangalia miguu yake, ilivovimba chini ya shuka. Nikasema, "Tano."

Mei 12
Mvua. Kurasa kumi na nne. Dada kauliza wino uko wapi. Nimesema duka limefungwa.

Mei 15, Ijumaa
Sheikh kapiga simu, kaiweka sauti ya juu. Bi Mashavu kasema tano, kila mara kashiba. Sauti haikutikisika. Sheikh kasema shahidi mmoja pekee wapo wanaosema hatoshi, ila kwa kuwa jambo lilijulikana nyumbani toka zamani, yeye haingii tena baina ya watu na ndugu zao. Talal kasimama, kanipa mkono. "Nisamehe, Ayoub. Nilikuwa nawajibika kuuliza." Mkono wake ulikuwa mkavu, wangu majimaji.

Juu Dada alikuwa kavua ushungi kwa furaha, anajipepea nao. "Njoo, mdogo wangu. Njoo tumalize sura ya kumi na moja."

Mei 17
Kadi thelathini.

Mei 18
Kadi kumi na nane. Ukuta wa ngazi umefura kama tumbo. Talal kaleta boriti kauwekea tegemeo.

Mei 21
Namuangalia akichana nywele huku anafikiri fungu. Zamani nilikuwa namuangalia bila kujua kama namuangalia. Sasa najua. Natazama kitabu tu. Kanambia, "Mbona umeinama hivo, shingo itapinda." Nimesema mwanga mdogo.

Mei 24
Nimekaribia kusema. Bi Radhiya kaingia na samaki.

Mei 27
Idi kubwa. Dada kanipa kanzu ya Himid, haijawahi kuvaliwa. Kasema, "Leo huna wa kukuvisha ila miye." Nimeivaa nikenda kuswali. Talal alikuwa safu ya mbele. Alivyogeuka kutoa salamu aliiona kanzu, akaijua, akanitingishia kichwa kwa wema. Sijapata siku mbaya kama hii.

Mei 30
Anasema kitabu kinaanza kujieleza. Mwanzo watu wa hadithi wanapata: wanapata kazi, wanapata barua, wanapata shamba. Kila unavyokwenda fungu la kupata linapungua na fungu la kugeuka linapanda. Mwisho hakuna anayepata kitu, wanachoka tu, wanaugua, wanazeeka. Mwandishi labda mwenyewe hakujua. "Lakini kadi zinajua," kasema. Alikuwa anang'aa. Ndivyo alivyokuwa, naandika ili nikumbuke.

Juni 3, Jumatano
Nimesema.

Ilikuwa baada ya laasiri. Alikuwa anasoma kadi moja aliyoitilia shaka, kama ni ya kufika au ya kugeuka. Kaigeuza kaigeuza. Akasema, "Ningeweza kuitia popote, nani atanifuata? Lakini ntajua miye." Akaiweka peke yake, fungu la zisizojulikana. Hakuwa ananisema miye. Nikaona mdomo wangu unafunguka.

"Bi Mashavu alisema tatu."
"Tatu nini?"
"Nilinyonya mara tatu. Nilikwenda kwake kabla ya simu. Miye ndiye niliyemwambia aseme tano."

Mkono wake ulikwenda kichwani wenyewe, ukaukuta ushungi umeanguka begani, ukaupandisha. Akaufunika uso wote. Akageukia ukutani.

"Tangu lini unajua?"
"Mei kumi na moja."
Nilimsikia anahesabu chini chini.
"Siku ishirini na tatu," kasema. "Na miye nachana nywele mbele yako."
"Ningesema wangekuhamisha. Kazi ingekufa."
"Najua."
"Nilifanya kwa ajili ya..."
"Najua kwa ajili ya nini. Ungeniuliza, Ayoub. Eda ni yangu, kazi ni yangu. Ulinitolea kadi mezani, nikawa muongo na sijui."

Mvua ilikuwa imekatika, ndio nasikia kila kitu. Akasema, "Toka. Ufunge mlango."

Nikatoka. Nikakaa ngazini mpaka nikasikia anapiga simu. Alimpigia Talal. Kamwambia lote, la Bi Mashavu na langu. Kisha kasema, "Sihami. Eda yangu naimaliza alipofia mume wangu. Bi Radhiya atalala na miye kuanzia leo. Kijana anahama sasa hivi. Ukitaka kuja, njoo."

Juni 4
Talal kaja. Nilikuwa nje uchochoroni na mfuko wangu. Nilidhani atanipiga, na ningekaa anipige.

"Ulinipa mkono," kasema.
"Ndio."
"Na kanzu ile uliivaa ukaswali nyuma yangu."
"Ndio."
Katazama juu dirishani. Kazeeka tangu Aprili, ndevu zimekuwa nyeupe pembeni. Nilianza daftari hili nikimuona mwizi. Alikuwa anauliza swali la kweli, na jibu lake lilikuwa kweli, na miye ndiye niliyelificha.

"Atakaa mpaka amalize eda," kasema. "Siku ya pili yake mafundi wanaingia, nyumba inageuzwa ya wageni. Hilo tulishakubaliana ndugu wote, si kwa sababu yako. Weye usivuke kizingiti hiki."

Juni 5
Nalala stoo ya mjukuu wa Bi Radhiya, ng'ambo, baina ya magunia ya mchele. Dirisha la Dada liko juu yangu sawasawa. Asubuhi kikapu kikateremka. Ndani mna kitabu, kadi tupu, penseli, vyote ndani ya nailoni mbili. Kimebaki kiasi cha kurasa sabini. Hakuna neno lolote limeandikwa.

Nikatafuta mpaka adhuhuri, nikatia kadi kikapuni, nikavuta kamba mara mbili. Ikapanda.

Juni 8
Bi Radhiya kanipitia na uji. "Miye nshakuwa posta kwa uzee huu. Huku naambiwa kamwambie kadi ya mia mbili na arubaini haisomeki. Huku naambiwa kamwambie kuna bomba la maji linavuja. Si mngeowana tu, tukapumzika sote?"
Nikamwambia asiseme hivo.
"Nimetania. Una uso kama mtu kafiwa."
"Anasema nini juu yangu?"
"Hasemi."
"Ananitajaje? Akikupa ujumbe, anasema kamwambie nani?"
Bi Radhiya kafikiri. "Anasema kamwambie."

Juni 11
Kadi tisa.

Juni 12
Kadi sita. Baridi ya kipupwe inaanza. Ukuta wa ngazi umeanguka kipande, hakuna aliyeumia. Nilisikia Dada akisema "Bismillahi" basi. Nilisimama kizingitini, sikuvuka. Talal kaja na watu wakatoa kifusi.

Juni 17
Nimemaliza kitabu. Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili. Neno la mwisho la kitabu silijui maana yake. Nimetia kikapuni.

Juni 21
Bi Radhiya kasema jumla ni mia sita na kumi na moja. Sasa anapiga chapa. Nasikia vidole vyake juu ya kompyuta toka nikifungua stoo mpaka nikifunga. Dirisha halifunguki ila kwa kikapu. Kwa siku hizi zote hakuniita jina lolote. Si Ayoub, si mdogo wangu. Nangoja kusikia nitakuwa nani.

Juni 25
Hakuna kadi mpya. Kanirudishia kitabu nikihakiki, kwa kupitia Bi Radhiya, ukurasa kwa ukurasa, kama mistari ya penseli yote ina kadi. Orodha ya namba kaiandika yeye.

Juni 29, Jumatatu
Ukurasa wa mia mbili na tisini na nane. Mstari wa tatu toka chini, kwenye mkunjo wa kitabu, herufi zimezama ndani ya gundi. Sikuliona mara ya kwanza. Sikulipigia mstari, kwa hivo hata yeye hajui kama lipo.

Nikalinakili polepole. Neno linalofuata nalijua sasa, nimeliandika mara nyingi: barua. Mzee wa hadithi, yule ambaye Dada akinisimulia habari zake, anapata barua. Ni ya fungu la kupata, na iko mwisho kabisa, pale ambapo Dada keshaandika kuwa hakuna tena anayepata kitu. Bi Radhiya alinambia juzi sentensi hiyo ya Dada, kwa sababu Dada alikuwa akiisema kila mara chumbani kama nyimbo.

Kesho ndio mwisho. Kitabu kipo kimoja tu, na mkunjo ule hakuna mtu Tunguu atakaeufungua.

Saa nne asubuhi nikaiweka kadi kikapuni peke yake. Nyuma yake palikuwa na kipande cha maua ya kadi ya harusi. Nikavuta kamba.

Ikapanda. Nikasikia kiti kinavutwa. Kisha vidole vikaanza tena juu ya kompyuta, na mpaka naandika haya havijasimama.

Juni 30
Kulipopambazuka kikapu kiliteremka na kidude kidogo cha kubebea kazi ya kompyuta, kimefungwa nailoni. Nimekwenda nacho dukani, wakachapa, wakafunga kwa jalada jeusi. Nilimwomba mwenye duka anioneshe ile sura ya mwisho. Kizungu siwezi, lakini namba naziweza. Kulikuwa na 611, sasa ni 612, na ile namba 298 imo, na chini yake pana maelezo marefu kuliko ya namba nyengine.

Nimefika Tunguu saa sita. Dokta Ulfat ni mwanamke mfupi wa miwani, kaipokea kwa mikono miwili, karani kagonga muhuri. Kaniuliza, "Weye ndiye nduguye aliyekuwa akitafuta?"
Nikasema, "Miye ndiye niliyekuwa nikitafuta."

Nimerudi Mkunazini jua limeinama. Nikasimama chini ya dirisha. Sikujua nipaze sauti vipi, nikasema tu, "Wamepokea. Wamegonga muhuri."

Muuza mkate alikuwa keshapita zamani. Kisha kamba ikatikisika, kikapu kikaanza kushuka taratibu, kinagonga ukuta. Ndani mkate mmoja, umepashwa moto, umefungwa kitambaa.

Sauti yake ikaja toka nyuma ya ubao wa dirisha, ya adabu, ile ninayoijua, ya kumwitia muuza mkate.

"Ahsante, kaka. Chukua mkate, hujala tangu asubuhi."

Nikauchukua. Kamba ikapanda.